Morans: mbona miaka 28 kati ya AfroBasket moja na nyingine?

Dudu_Likoni:

Hamjambo wakubwa. Kikapu mimi nilikianza 2024, na sioni haya kusema Sudan Kusini ndio walionitia humo. Ile mechi ya kirafiki ya London, Marekani wanashinda 101-100 kwa jasho, LeBron mwenyewe ndiye anayewaokoa sekunde za mwisho, niliitazama mtaani na watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Halafu Olimpiki Sudan Kusini wakaichapa Puerto Rico 90-79, siku ile ile waliyopigiwa wimbo wa taifa usio wao.

Sasa juzi tunabishana barazani, binamu yangu akasema, "Hao Sudan Kusini Kenya ilishawahi kuwafunga." Nikamcheka hadi nikakohoa. Nilipoingia kutafuta nikaona timu yetu ya wanaume, Morans, ilicheza AfroBasket, yaani mashindano ya mataifa ya Afrika, ya 1993, ikapotea, ikarudi 2021. Miaka 28! Na ya 2025 kule Angola hatukuwepo tena, ilhali Uganda na Rwanda walikuwepo.

Naomba wenye kujua wanisaidie. Binamu anasema kweli au ananipiga chenga? Morans walifika wapi walipofika mbali kabisa? Na kilichotuweka nje miaka yote hiyo ni nini? Msiniambie siasa, hiyo kila mtu huisema kwa kila kitu.

---

Toroka_Uje:

Urefu hatuna. Swali limekwisha, funga uzi.

---

Mama_Meza:

Toroka, urefu tunao, nenda Nyayo siku ya ligi ukasimame mlangoni kwa vyumba vya kubadilishia nguo. Utaumwa na shingo.

Dudu mwanangu, binamu yako hakukudanganya. Mimi nimekaa meza ya waamuzi miaka mingi, Makande hapa Mombasa na Nyayo kule Nairobi, mara kwenye saa, mara kwenye karatasi ya alama. Si mchezaji wala kocha. Lakini mtu wa meza hujua jambo moja, nani anacheza na nani, na kwa muda gani, maana ndiye anayewaandika majina.

Januari 2020 kulikuwa na mchujo wa awali wa AfroBasket hapa Nairobi. Kenya iliifunga Sudan Kusini na ndiyo iliyokata tiketi ya kuendelea. Sudan Kusini walirudi kwenye mchujo baadaye kwa sababu Algeria ilijitoa, wakapewa nafasi hiyo. Kwa hiyo hiyo timu iliyokupandisha juu ya kiti mwaka 2024 ilikuwa imefungiwa mlango na sisi miaka minne kabla. Mwambie binamu namsalimia.

Mbali kabisa tulikofika ni 1993, tukiwa wenyeji. Tulimaliza wa nne Afrika. Bingwa alikuwa Angola, wa pili Misri, wa tatu Senegal, sisi wa nne. Watu huitaja nafasi ya nne kama kitu kidogo. Angola hao ndio waliokuwa wamecheza na Marekani ya Michael Jordan Barcelona mwaka mmoja kabla, wakapigwa 116-48, na Afrika bado hakukuwa na wa kuwagusa. Na michuano ile ya Nairobi ilikuwa na tiketi mbili za Mashindano ya Dunia ya 1994 Kanada, wakazichukua Angola na Misri. Tulikuwa ngazi mbili tu chini ya dunia. Hadi leo Kenya ya wanaume haijacheza Kombe la Dunia wala Olimpiki, na hatujawahi kuikaribia kuliko siku zile.

Baada ya hapo kimya. Siasa umenikataza, basi nitakuambia nilichokiona mezani. Karatasi ya alama ina sehemu ya majina kumi na mawili kila upande. Timu yetu ya taifa ilipokuwa inakutana kwa mashindano ya kanda, nilikuwa nikiona majina mapya kila mara. Mwaka huu mlinzi huyu, mwaka ujao hayupo, senta aliyeng'ara hakuitwa, mwingine ameitwa wiki ya mwisho. Wachezaji wazuri wote, mmoja mmoja. Halafu Misri wanakuja kanda yetu hii hii ya tano na watu ambao wamekaa pamoja tangu wakiwa vijana, na robo ya kwanza haijaisha unaona tofauti. Wao hawaitani. Mtu anakata nyuma ya skrini, yaani mwenzake aliyesimama kumzuia beki, na mpira umeshamsubiri.

Sasa tazama tulipofanya vizuri. Julai 2019, Bamako, AfroCan ya kwanza kabisa, mashindano yaliyowekwa hasa kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Kocha ni Cliff Owuor. Morans wakafika fainali, wakafungwa na Kongo ya Kinshasa 82-61, wakarudi na fedha. Nyumbani hapakuwa na shangwe kubwa, maana gazeti la michezo letu ni mpira wa miguu na mbio, basi. Lakini kundi lile halikuvunjwa. Wengi wa waliokuwa Bamako, Tylor Okari Ongwae, Eric Mutoro, Griffin Ligare, ndio uliowaona baadaye. Miezi sita mbele wanaifunga Sudan Kusini Nairobi. Mwaka mmoja tena mbele, Yaoundé.

Yaoundé nitaiandika peke yake nikimaliza kupika, hapa nina watu wa kulishwa.

---

Baro_wa_Kisumu:

Mama Meza nakuheshimu, lakini hapa unawapamba Morans. Sudan Kusini hawakutupita kwa sababu "walikaa pamoja". Walitupita kwa sababu Luol Deng, aliyecheza NBA kuanzia 2004, alichukua uongozi wa shirikisho lao mwishoni mwa 2019, akatoa pesa yake mfukoni mwake, akampata Royal Ivey ambaye ni kocha msaidizi NBA, akapiga simu Australia na Marekani kwa kila kijana mwenye asili ya Sudan Kusini. Hadi 2024 uwanja wa ndani wa kuchezea kule Juba hawakuwa nao. Walifanyia mazoezi Rwanda. Na bado mchujo wa Kombe la Dunia walishinda mechi 11 kati ya 12. Hizo ni simu na nauli za ndege. Sisi wachezaji wetu wa ng'ambo nani huwapigia?

---

Mama_Meza:

Nimerudi. Baro, nitakujibu, lakini kwanza Yaoundé, maana Dudu ni mgeni na hili lazima alijue.

Siku hizi FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hufanya mchujo kwa madirisha, yaani siku chache zilizotengwa kwa timu za taifa. Kwa Afrika timu nne za kundi hukusanywa mji mmoja, mechi tatu ndani ya siku tatu, halafu kila mtu kwao. Kundi letu lilikuwa Senegal, Angola, Msumbiji na sisi. Dirisha la kwanza Kigali, Novemba 2020, Senegal na Angola walitufunga wote wawili. La pili Yaoundé, Februari 2021. Kocha sasa ni Liz Mills wa Australia. Miezi michache baadaye huyu mama akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kama kocha mkuu kwenye AfroBasket. Wanaume wengine hapa mtandaoni walimsema vibaya kabla hajapuliza filimbi ya mazoezi. Majina yao ninayo.

Angola wakati ule wana ubingwa wa Afrika mara 11 (sasa ni 12, wameuchukua tena Luanda 2025). Robo ya nne inaisha, 73-72, Angola mbele. Mpira wetu. Unapewa Okari. Kila aliyeko uwanjani anajua ni Okari, hata yule wa kufagia jasho anajua. Anacheza Denmark wakati ule, Bakken Bears, ameshazoea mechi za kulipwa. Anadunda, anapata upenyo mdogo, anaruka huku anarudi nyuma, beki amemkalia usoni, anauachia. King'ora kinalia mpira ukiwa hewani. Unaingia. 74-73.

Dunia nzima ilikizungusha kile kipande cha video. Mimi nilikitazama bila sauti, kwa sababu nilitaka kuona taa. Ubao una taa nyekundu pembeni, na saa ikigonga sufuri inawaka. Mwamuzi haulizi mpira umeingia saa ngapi. Anauliza umetoka mkononi kabla taa haijawaka? Ulikuwa umetoka. Halali bila ubishi.

Lakini sikilizeni jambo ambalo shangwe ililifunika. Kundi lilikuwa likipitisha timu tatu kati ya nne. Aliyekuwa wa kushindana naye kwa tiketi hasa alikuwa Msumbiji, na Msumbiji tuliwafunga. Angola ilikuwa heshima, Msumbiji ilikuwa tiketi. Na mtu aliyecheza dakika nyingi na Angola ndiye huyo huyo anaamka kesho kucheza tena. Hapo ndipo benchi lenye watu wanaojuana linakuwa na thamani. Kocha anambadilisha Okari apumzike dakika tatu na mchezo hauanguki.

Kigali, Agosti na Septemba 2021. Kodivaa walitufunga, Nigeria walitufunga, tukawafunga Mali 72-66, ushindi wa maana mno ule na haukupigiwa hata nusu ya kelele za Yaoundé. Mali wana vijana warefu wanaoruka kama wana chemchemi miguuni, na Bush Wamukota wetu alifanya kazi ya watu wawili pale chini ya pete. Tukavuka hadi mechi ya kuingia robo fainali. Mpinzani nani? Sudan Kusini. Hao hao.

60-58.

Walitufunga kikapu kimoja, Dudu. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwepo mwaka 2021 kati ya timu yako ya London na Morans. Wao wakaenda robo fainali kwa Tunisia, ambao ndio waliobeba kombe mwisho wa yote, na sisi tukapanda ndege.

Sasa Baro. Yote uliyosema ya Deng ni kweli na namvulia kofia. Lakini wewe unahesabu nauli za ndege na mimi nahesabu majina. Miaka miwili baada ya ile 60-58 walikuwa Manila kwenye Kombe la Dunia, wakafungwa na Puerto Rico 101-96 dakika za nyongeza, wakaifunga China 89-69, wakala kipigo cha Serbia, wakawafunga wenyeji Ufilipino, wakawafunga Angola 101-78 na kupata tiketi ya Paris kama timu bora ya Afrika. Nani kocha? Royal Ivey. Paris nani kocha? Ivey. Waliongeza watu wakubwa, Carlik Jones na wengine, lakini nguzo hazikung'olewa. Sisi baada ya Kigali? Mwaka uliofuata Mills alikuwa Moroko na AS Salé kwenye BAL, ligi ya klabu za Afrika. Mchujo wa Kombe la Dunia ukaja, kundi letu Misri, Senegal na Kongo, wote watatu wakaenda raundi ya pili na sisi tukabaki. Kundi la Bamako likayeyuka, mtu mmoja mmoja, bila hata kuagana.

Pesa inanunua ndege. Kuitana watu wale wale kila Novemba na kila Februari ni uamuzi.

---

Baro_wa_Kisumu:

Uamuzi ambao bila pesa haufanyiki, Mama. Mtu yuko Ulaya, klabu yake inamruhusu siku chache za dirisha, nani anamkatia tiketi wiki mbili kabla badala ya siku mbili kabla? Mtu akitua alfajiri na kucheza jioni, hata mkijuana tangu darasa la kwanza, miguu ni miguu.

---

Mama_Meza:

Hapo nakubaliana na wewe kabisa na sina la kuongeza.

---

Jirani_wa_Mwanza:

Niruhusuni Mtanzania niseme kidogo. Nyie mnalia miaka 28, sisi tuna Hasheem Thabeet aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA 2009, ule uchaguzi wa wachezaji wapya, mtu mzima wa Dar es Salaam, na timu ya taifa bado tunaitazama mechi za majirani kwa simu. Uganda ndio wa kujifunza kwao. Silverbacks waliingia AfroBasket mara ya kwanza 2015, wakarudi 2017, wakarudi 2021 na kufika robo fainali, na 2025 walikuwepo. Hawana ubingwa wowote wa Afrika, lakini hawakosekani. Ukiwa unahudhuria kila mara, siku moja droo itakupendelea.

---

Toroka_Uje:

Sawa, urefu tunao. Lakini mimi nasema timu ya taifa itainuka kupitia klabu. Nairobi City Thunder wameingia BAL 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko, na mchujo waliumalizia hapo hapo Nairobi mbele ya watu. Nilikuwepo. Kelele za siku ile sijazisikia kwenye kikapu maishani.

---

Mama_Meza:

Toroka, leo umesema neno. Klabu moja yenye mishahara, mazoezi kila siku na kundi lile lile mwaka mzima, nusu ya kazi ya timu ya taifa imeshafanyika. Angola walijengwa hivyo hivyo, Petro de Luanda na Primeiro de Agosto wakigawana wachezaji, na timu ya taifa ikiwa kama mkutano wa watu wa nyumba mbili. Mimi ningekuwa na kura, ningechukua watano wa klabu moja kwa pamoja na kuwajengea wengine pembeni yao, kuliko kuchagua nyota kumi na wawili wa klabu kumi na mbili. Najua mashabiki wa klabu nyingine watanirushia chupa.

---

Dudu_Likoni:

Nimemwomba binamu radhi, amenitaka nimnunulie soda. Asanteni nyote. Shangazi Mama Meza, swali la mwisho na la kijinga. Ile ya Okari, kama mezani angekuwa mtu amechelewa kubonyeza saa, si ingebadilika? Nyinyi mnaotunza saa mnawezaje kutazama mchezo kama ule na kidole kisitetemeke?

---

Mama_Meza:

Si la kijinga hata kidogo, na ndilo swali ambalo hakuna anayeniuliza.

Mtunza saa hatazami mchezo. Mpira ukirushwa kutoka pembeni, mwamuzi ameinua mkono. Mchezaji aliye ndani akiugusa tu mpira, mwamuzi anaushusha ule mkono, na wewe unabonyeza. Macho yako yako kwenye mkono wa mwamuzi, wala si kwa Okari. Kazi ya pili ni sikio, filimbi ikilia unasimamisha. Dakika ya mwisho saa yenyewe huonyesha vipande vya kumi vya sekunde, kwa hiyo ukichelewa kila mtu anakuona. Na dakika mbili za mwisho za robo ya nne na za kila kipindi cha nyongeza kikapu kikiingia saa inasimama, jambo ambalo dakika nyingine zote halifanyiki, na hapo ndipo wanagenzi hujisahau.

Kuna na hesabu ndogo ambayo kila shabiki angeijua angepunguza kelele. Zikisalia sekunde 0.3 mpira unarushwa kutoka pembeni, mtu anaruhusiwa kuudaka na kuutupa. Zikisalia 0.2 au 0.1, kudaka na kutupa hakuwezekani, kikapu kinahesabiwa tu kama ameugusa hewani ukaingia au ameudumbukiza moja kwa moja. Kwa hiyo kocha anayeomba mapumziko na sekunde 0.2 kwenye ubao hachori mtupo, anamtafuta mrefu wa kuusukuma juu ya pete.

Na mechi kubwa kama za Yaoundé zina marudio ya video, waamuzi huenda kuangalia taa. Ligini kwetu miaka ile hatukuwa nayo. Ulikuwa wewe, kidole chako, na jukwaa zima la Makande linakuita majina. Kidole kilitetemeka, ndiyo. Wa karatasi ndiye aliyekuwa na bahati, yeye anaandika tu, mstari wa mshazari kwa kikapu, anazungushia namba ya mchezaji kikiwa cha pointi tatu, kitone kwa mtupo huru, kalamu nyekundu robo ya kwanza na ya tatu, kalamu nyeusi au ya buluu zilizobaki. Mwenzangu mmoja aliwahi kuishiwa na wino mwekundu katikati ya robo ya tatu na akamwazima shabiki wa timu ngeni.

Njoo Makande siku ya ligi, kaa safu ya nyuma ya meza. Usiketi upande wa benchi la wageni, kocha wao hupiga teke chupa za maji.